Hori Lisilo na Tundu

Kama hujawahi kumwonea mtu gere, hadithi hii ipishe, haikuhusu. Ila mimi mtu wa namna hiyo sijakutana naye, na Bwana Sindano hakuwa mmoja wao.

Alikuwa afisa mifugo wa kata kwa miaka ishirini na sita. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye jalada ofisini. Wafugaji walimwita Sindano, kwa sababu hakuna ugonjwa aliouona akaacha kuudunga. Ng'ombe kakonda, sindano. Ndama anaharisha, sindano. Fahali kachoka kuwatazama majike, Bwana Sindano huyo anapekua mkoba. Watoto wakisikia pikipiki yake walikimbia huku wameshika makalio, wakidhani zamu ya leo ni yao.

Msimcheke sana, maana kazi aliijua. Akiingiza mkono kwa ng'ombe, atakuambia mimba ina miezi mingapi na hakosei wiki. Na macho yake! Alikuwa akipita kando ya zizi bila hata kuzima pikipiki, akapaza sauti kwamba msumari wa tatu wa lango umechomoza, utamchana mtu ng'ombe wake. Ukiacha kipande cha kamba ya nailoni chini, utagombezwa mpaka ujute kufuga. "Ng'ombe hana mdomo wa kusema," alizoea kujitetea, "kwa hiyo mimi ndiye mdomo wake." Watu walikereka, lakini walimpenda kwa hilo hilo. Walijua kwamba Sindano akiona kasoro hawezi kufunga domo hata umlipe.

Halafu akaletwa msichana.

Alikuwa mtaalamu wa malisho, katoka chuoni na cheti bado kinanukia wino, mwembamba, kavaa mabuti ya mpira yaliyomzidi kipimo. Aliingia katika kile chumba kimoja cha ofisi, penye jokofu la chanjo na meza mbili, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Sindano akajibu, na neno lile la mwisho likamkwama kooni siku tatu. Mzee! Ana miaka hamsini na miwili, meno yote yapo, na mtu anamwita mzee mbele ya jokofu lake mwenyewe.

Meza ya pili alikuwa akiwekea kofia ya pikipiki. Wiki moja haikupita ikajaa vikopo: pumba, mashudu ya pamba, unga wa mifupa, chumvi ya madini. Wafugaji walioingia kutafuta dawa ya minyoo wakawa wanasimama pale kuchovya vidole na kuuliza maswali. Ndipo wakambatiza Dada Chumvi. Sindano alijiambia kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwamba watamchoka. Alingoja wamchoke. Hawakumchoka.

Lililomtonesha zaidi lilitokea kwa Mama Fahali.

Huyu Mama Fahali alikuwa mjane mwenye ng'ombe wa nyama thelathini na wanne. Jina alilipata siku alipomkokota fahali wa jirani kwa pete ya puani, peke yake, kutoka shambani kwake hadi mlangoni kwa mwenyewe, akamwambia, "Chukua mume mwenzako." Sindano alikuwa mtu wa kwake tangu mume wa mama huyo yu hai. Kulikuwa na kiti cha ngozi barazani, kipana, chenye mgongo, na kiti kile kilikuwa cha Sindano. Wageni wengine walikalia benchi. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, lakini ilikuwepo.

Basi, kila kiangazi ng'ombe wa Mama Fahali walikuwa na tabia ya kutafuna mifupa. Wataokota mfupa jalalani na kuuguguna kutwa, watalamba kuta, watakula udongo. Kila kiangazi Sindano aliwapa dawa ya minyoo na sindano ya vitamini, na kila kiangazi mifupa iliendelea kutafunwa. Walikwisha kubaliana kuwa ni tabia ya ukoo wa ng'ombe wale.

Dada Chumvi alifika siku moja, akachuchumaa pembeni mwa zizi robo saa nzima, hakumgusa ng'ombe hata mmoja. Akasema, "Mama, hawa wanatafuna mifupa kwa sababu wanakosa kilichomo ndani ya mfupa. Majani makavu hayana. Wape chumvi ya madini yenye unga wa mifupa, na tuwatengenezee tofali la kulamba."

Miezi miwili baadaye hakuna aliyetafuna mfupa. Manyoya yaling'aa. Ng'ombe waliokuwa wakihesabika mbavu kwa mbali wakaanza kuwa na mapaja. Sindano alikwenda kuhakikisha kwa macho yake, akahakikisha, na roho ikamuuma kama mtu aliyekanyagwa na kwato. Miaka ishirini na sita anawadunga, kumbe walikuwa wakimwonyesha dawa, wameishika mdomoni!

Na alipogeuka aende barazani akapumzike, alimkuta Dada Chumvi kakaa. Kakaa kwenye kiti cha ngozi, mabuti yake makubwa yananing'inia, anakunywa chai.

"Karibu, mzee, kaa hapa," msichana akasema, akijiinua.

"Kaa tu, mwanangu," akajibu. "Mimi si mkaaji." Akaenda kukalia benchi, na chai ya siku ile ilikuwa chungu japo mama wa watu aliitia sukari vijiko vitatu.

Nyumbani mkewe alimwona anavyobamiza milango. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kusema huku pini ziko mdomoni.

"Hasidi hana sababu," alisema bila kuinua macho, "lakini wewe sababu umezipanga foleni. Amekukosea nini mtoto wa watu?"

"Nani kasema kanikosea?"

"Jana umesema hajui kuendesha pikipiki. Juzi umesema anaandika sana. Leo umesema anacheka ovyo. Kesho utasema anapumua."

Sindano akasema anakwenda kulala, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Sasa lazima niwaeleze kidogo kuhusu tofali la kulamba, vinginevyo hamtaelewa kilichofuata. Linasindikwa kwa molasi, pumba, chumvi, saruji kidogo ya kushikilia, na yurea, mbolea ile ile inayotiwa kwenye mahindi. Yurea kidogo humsaidia ng'ombe kupata nguvu katika mabua makavu. Ikizidi humuua, na haimchukui muda mrefu. Ndiyo maana tofali likaitwa la kulamba: likiwa gumu, ulimi hauchukui nyingi. Adui wake ni maji. Tofali likilowekwa, yurea huyeyukia majini, na maji yale yana utamu wa molasi, ng'ombe hatayaacha. Kwa hiyo huwekwa chini ya paa, na hori lake hutobolewa chini ili maji yakiingia yatoke.

Dada Chumvi alifundisha habari ya paa. Habari ya tundu alisema pia, lakini aliisema mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kuinuka, na Mama Fahali alikuwa amekwenda kuwapikia uji. Akaja kutengeneza hori lake kwa akili yake: pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu, zuri, zima, limepakwa rangi ya kijani.

Jumanne moja Sindano alikwenda kuchanja. Akamaliza kazi, akampima Nyota, jike jekundu lenye doa jeupe usoni, ambaye Mama Fahali alimpenda kuliko wote. Akachomoa mkono, akanawa, akacheka cheko lake la zamani. "Miezi sita, mama. Hongera, una ndama humo, na anapiga teke."

Mama Fahali akapiga kigelegele. Kwa dakika moja mambo yalikuwa kama yalivyokuwa zamani.

Ndipo Sindano akaliona hori. Lilikuwa kwenye kizimba cha ng'ombe wanaobaki nyumbani, wenye mimba na wanaonenepeshwa. Matofali mawili yalikuwa ndani. Juu yake paliwekwa mabati mawili, na moja lilikwisha nyanyuliwa na upepo upande mmoja, limening'inia kwa msumari mmoja. Macho yake yalifanya kazi yenyewe, kama kawaida. Akainama, akapapasa chini ya pipa kwa kiganja, toka mwisho huu hadi mwisho ule. Chuma kitupu. Hakuna tundu.

Akainuka. Kinywa kilishafunguka, maneno yameshafika kwenye ulimi: mama, hili halina tundu, na bati lile litawaponza.

"Umelionaje hori langu?" Mama Fahali akamwahi, kwa furaha. "Dada Chumvi akiliona atafurahi, yule mtoto! Unajua tangu aje sijanunua dawa hata chupa moja? Nasema yule Mungu kanishushia. Miaka yote tulikuwa tunahangaika tu."

Tulikuwa tunahangaika tu. Sindano alisikia maneno hayo yakishuka taratibu mpaka yakafika mahali yalipokusudia kukaa. Miaka ishirini na sita ya mvua na vumbi, ya kuvuta ndama saa tisa za mchana jua likiwaka, ya kufa ganzi mkono mpaka begani, yote ilikuwa kuhangaika tu.

Akafunga kinywa.

"Hori zuri," alisema. Hapana, hata hilo hakulisema. Aliitikia kwa kichwa tu, akachukua mkoba, akawasha pikipiki. Njiani alijiandalia utetezi wake vizuri. Kwanza, malisho si idara yangu. Siku niliyomwambia asitie pumba nyingi aliniambia kwa heshima kuwa vipimo viko kitabuni. Basi na tundu liko kitabuni. Pili, mvua bado wiki tatu. Tatu, yeye mwenyewe atapita kukagua, aaibike kidogo, atoboe, yaishe. Alitaka aibu ndogo tu. Tuwe wakweli, hakumtakia ng'ombe mabaya. Alimtakia msichana kosa, la kadiri, la kumfanya mtu aseme, "Ah, angekuwepo Sindano."

Usiku huo hakusema kitu mezani. Mkewe akamtazama, akasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, akaendelea kula.

Ijumaa asubuhi alikuwa barazani na kikombe cha chai mawingu yalipojikusanya. Aliyatazama kama anayatazama madeni. Tone la kwanza lilianguka kwenye kiti cha pikipiki. Alijiambia ni manyunyu. La pili, la tatu, kisha bati la nyumba yake likaanza kupigwa kwa mawe ya maji, na pale pale akaliona bati jingine linaloning'inia kwa msumari mmoja. Akapiga simu ya Mama Fahali. Haikupatikana. Akapiga tena.

Chai aliiacha. Alipita katika duka kubwa sokoni lililowauzia wenye hoteli, akachukua siki yote waliyokuwa nayo, madumu manne ya lita tano, na chupa tisa kutoka duka la jirani. Siki ndiyo huvunja nguvu ya sumu ile tumboni mwa ng'ombe, ikiwahi. Muuzaji akamuuliza kama ana harusi. Alifunga madumu nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaingia kwenye mvua.

Alipofika mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kana kwamba halikusikia lolote. Ng'ombe wengine walikuwa malishoni. Watano wa kizimbani walikwisha kunywa. Hori la kijani lilikuwa na maji nusu, ya rangi ya kahawia, matamu. Mmoja alikuwa akitetemeka miguu yote, povu linamtoka. Mwingine alikuwa akizunguka na kugonga ua. Mama Fahali alikuwa katikati yao ameshika kichwa, analia, "Wamelogwa! Ng'ombe wangu wamelogwa!"

"Hawakulogwa. Lete chupa, lete maji baridi, ndoo zote!"

Dada Chumvi, aliyefuatwa na jirani, alifika baada ya nusu saa, kalowa, buti moja limebaki kwenye tope njiani. Alilitazama hori, na Sindano akaona uso wake unavyokufa. Lakini hakusimama kulia. Alimshika ng'ombe wa kwanza kichwa, Sindano akamnywesha siki na maji, chupa baada ya chupa, polepole asipaliwe. Wakahamia wa pili. Walifanya kazi pamoja saa tatu bila kuambiana neno ila "shika," "inua," "ngoja ameze." Sindano alitambua, na aliudhika kutambua, kwamba mikono ya msichana yule ilikuwa mizuri.

Wanne walisimama. Nyota hakusimama. Alikuwa amekunywa wa kwanza, kwa kuwa mwenye mimba huwa na uroho. Tumbo lilimvimba, akapumua kwa shida, kisha akaacha. Kwa muda mfupi baada ya yeye kutulia, kitu kilisogea ubavuni mwake, mara moja, mara mbili. Wote watatu walikiona.

Jioni hiyo kiti cha ngozi kililetwa hadi pale alipokuwa Sindano. "Kaa, baba," Mama Fahali alimwambia. "Bila wewe ningebaki na ua mtupu. Ulijuaje kuleta siki?"

"Niliona mvua," akasema, na akakaa.

Habari ilisambaa kabla hata Nyota hajazikwa. Kwamba Sindano aliota. Kwamba Sindano ana kitu, si bure, alipakia siki kabla hajaitwa. Watu walimsimamisha njiani kumshika mkono. Yote aliyoyalilia miezi minane yalirudi kwa siku mbili, na mengine juu yake, na hayakuwa na ladha yoyote.

Jumatatu wafugaji waliitana kwenye banda la josho. Mwenyekiti wa ushirika wao, mtu wa sauti nene na subira nyembamba, hakuzunguka.

"Matofali hayo tumeyakoma. Tunaandika barua, binti huyu ahamishwe. Bwana Sindano ataendelea na kazi zote kama zamani. Nani anapinga?"

Dada Chumvi alikuwa amesimama karibu na nguzo. "Kosa ni langu," alisema. "Sikukagua tundu. Nilipaswa kulikagua hori kabla ya kutoa matofali. Naomba radhi, mama." Alisema hivyo tu, akarudi nyuma, akaanza kukwangua udongo kwa ncha ya buti.

Watu walimgeukia Sindano. Walimletea hata kiti. Hakutakiwa kufanya lolote, ila kukaa kimya, na kukaa kimya alikwisha kujifunza.

Ndipo Mama Fahali akasimama.

"Mimi napinga," alisema. "Ng'ombe ni wangu, aliyekufa ni wangu, nisikilizeni mimi. Huyu mtoto mnamwonea. Jumanne ile, Bwana Sindano alikuja kwangu. Nilimwona akiinama akalipapasa hori langu chini kwa mkono, mwanzo hadi mwisho. Nikangoja anigombeze. Mnamjua, huyu akiona msumari tu hamlali. Hakusema kitu. Nikasema moyoni, basi hori ni zima. Nikaondoka pale nimetulia, hata bati sikulipigilia." Akawatazama wote. "Sasa kama Sindano mwenyewe, kwa macho yale, amelishika hori na hakuona kasoro, mtoto wa juzi angeionaje? Macho huzeeka, wazee wangu. Si dhambi. Tusimfukuze mtu kwa jambo ambalo hata Sindano lilimpita."

Watu waliguna, wengine wakaitikia kwa kichwa. Ilikuwa hoja nzuri. Mwenyekiti mwenyewe alianza kukunja karatasi yake. Msichana ameokoka, na Sindano naye ameokoka. Bei yake ilikuwa macho yake tu. Mzee amechoka, macho yamezeeka, nani atamlaumu? Angeweza kukaa hapo na kuliacha lipite.

Lakini alikuwa amewaza jambo moja na haliondoki. Miezi minane aliamini mama huyu amemtupa. Kumbe siku ile alikuwa akiutazama mkono wake chini ya pipa, akisubiri neno lake, na aliposikia kimya akakiamini kimya kile kuliko kitabu cha msichana.

"Niliona," alisema Sindano.

Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi Mwenyekiti aulize, "Unasemaje?"

Akasimama kutoka kwenye kiti. "Nimesema niliona. Halikuwa na tundu. Na bati niliona limelegea. Niliona vyote." Akamgeukia Dada Chumvi, akashindwa kumtazama. "Nilitaka aonekane hajui."

Ng'ombe mmoja alilia huko nje kwenye foleni ya josho, na mtu akamnyamazisha kwa fimbo. Mama Fahali alikuwa bado amesimama. Alimtazama Sindano muda mrefu, bila hasira, akijaribu kukumbuka kitu.

"Siku ile ile," alisema, "ulinipa hongera ya ndama."

Kisha akaketi kwenye benchi, karibu na msichana.